Omaha Hi-Lo: Piga Hesabu Kabla ya Kukimbiza Nusu ya Poti

Haya watazamaji, karata ziko mezani, twende. Kwenye Omaha Hi-Lo, aina ya poka, poti, yaani chipu zote zilizowekwa, inagawanywa: nusu kwa mkono wa juu, nusu kwa wa chini. Wa chini unataka karata tano tofauti zisizozidi 8, na ree, ile yenye herufi A, inahesabiwa kama moja. Mbili zitoke mkononi, tatu mezani. Hapo hakuna mjadala.

Tazama mkono wangu: ree, 2, 9 na 10. Mezani zimefunguliwa 4, 7, K na K, na hakuna aina, kama kopa au uru, iliyojirudia. Imebaki karata moja. Upande wa juu sina kitu, kwa hiyo nakimbiza wa chini tu.

Kwanza hesabu karata za kukuokoa. Ni 3, 5, 6 na 8, nne nne, jumla 16. Ikija ree au 2 nyingine usishangilie, maana inarudia ulichonacho na mkono wa chini haukamiliki. Umeona karata 8, hujaona 44. Kumi na sita kwa 44 ni kama asilimia 36.

Sasa geukia poti. Ina chipu 300, na mpinzani anasukuma 100, zote alizobaki nazo. Wengi hapa husema, "Nalipa 100 nipate 400, nini tena?" Polepole! Ukifuata, poti inakuwa 500, na fungu lako ni 250 tu. Gawanya 100 kwa 250: unahitaji nafasi ya asilimia 40 ya kushinda. Unayo 36. Tupa karata. Poti ingekuwa yako yote, asilimia 20 ingetosha, ndiyo maana waliozoea Texas Hold'em, poka isiyogawa poti juu na chini, huumia sana huku.

Turudi nyuma kidogo. Tuseme mtu wa tatu naye amelipa 100 kabla yako. Ukifuata, poti ni 600, nusu yake 300, na sasa asilimia 33 zinatosha. Fuata, ila jiulize yeye anakimbiza nini. Akiwa na ree na 2 kama wewe, mtagawana ile nusu, 150 kila mmoja, na hapo ungehitaji asilimia 67. Sahau.

Mwisho, naitoa hii 10, naweka 3. Ona: sasa hata ree, 2 au 3 ikidondoka, mkono wa chini unakamilika. Karata za kukuokoa zinapanda hadi 21, karibu asilimia 48. Dau lilelile la 100, mpinzani yuleyule mmoja, sasa nalipa.