Gari Likishaondoka: Mhadhara Kuhusu Wataalamu na Huduma za Afya Vijijini

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wauguzi, wakunga, matabibu, na nyinyi wanafunzi mlioketi hadi kule nyuma,

Nimeombwa nizungumzie mchango wa wataalamu katika kuboresha huduma za afya vijijini. Kichwa hicho ni kizuri, ila kina mtego ndani yake, kwa kuwa kinatufanya tumwone mtaalamu akishuka garini na mkoba wake, akihudumia foleni ndefu mpaka jua linatua, kisha akirudi alikotoka huku akipungiwa mikono. Kazi ya namna hiyo siibezi hata kidogo. Mtu aliyeondolewa mtoto wa jicho akaona tena hana haja ya kujua kama daktari alikaa kijijini siku 3 au miaka 3. Hata hivyo, swali ninalotaka tulitafakari leo ni hili: gari likishaondoka, kijijini kunabaki nini?

Tuanze na hesabu. Mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo ya kuwavutia na kuwabakiza watumishi wa afya vijijini, lilieleza kwamba karibu nusu ya watu wote duniani wanaishi vijijini, lakini wanahudumiwa na asilimia 38 ya wauguzi na chini ya robo ya madaktari. Jambo hilo halikuwa geni. Mwaka 1971, Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe cha Glyncorrwg huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri hupungua kadiri mahitaji ya watu yanavyoongezeka. Naomba mzingatie mahali alipokuwa akiandikia. Alikuwa ndani ya Uingereza, nchi iliyokuwa na huduma ya afya ya taifa tangu mwaka 1948, ambako mgonjwa hakudaiwa ada mlangoni kwa daktari. Ikiwa huko nako wenye shida zaidi walipata kidogo zaidi, basi umaskini wa nchi peke yake hautoshi kueleza tatizo hili.

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtawala ni amri: daktari apangiwe kituo, aende. Amri husaidia kwa kiasi, lakini kila aliyewahi kuishi kituoni anamfahamu kijana aliyeripoti huku akihesabu miezi ya kuondoka. Wapo waliotafuta njia nyingine. Huko Japani, Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa mwaka 1972, huchukua wanafunzi kutoka kila mkoa na kuwasamehe gharama za masomo kwa sharti kwamba wakihitimu watatumikia mkoa wao kwa takribani miaka 9, sehemu ya muda huo ikiwa katika maeneo yasiyo na madaktari. Mapendekezo yale ya mwaka 2010 nayo yalisisitiza kuwachukua wanafunzi waliokulia vijijini, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa zaidi wa kurudi na kukaa. Wengi wetu tunaosimamia udahili tunalijua hilo, na bado tunachagua kwa alama za mtihani peke yake.

Msumbiji ilikwenda mbali zaidi. Baada ya uhuru wa mwaka 1975 madaktari wengi waliondoka, na vita vilivyofuata vikazidisha uhaba. Mwaka 1984 serikali ilianza kuwafundisha matabibu wa kawaida, yaani watumishi wa tiba wasio na shahada ya udaktari, kazi ya upasuaji, ukiwamo upasuaji wa uzazi, kwa mafunzo ya miaka 3. Mabingwa walikuwa na shaka, kama ilivyotarajiwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996, uliolinganisha zaidi ya wanawake 2,000 waliojifungua kwa upasuaji katika hospitali kuu ya Maputo, haukuona tofauti kubwa kati ya mikono ya matabibu hao na ya mabingwa, isipokuwa tatizo dogo la vidonda kuachia juu juu. Takwimu zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha kwamba asilimia 92 ya upasuaji mkubwa wa uzazi katika hospitali za wilaya ulikuwa ukifanywa na matabibu hao. Nilichovutiwa nacho zaidi ni jambo la kukaa kituoni: miaka 7 baada ya kupangiwa hospitali za wilaya, asilimia 88 ya matabibu hao walikuwa bado huko, ilhali kati ya madaktari waliopangiwa pamoja nao hakuwa amebaki hata mmoja.

Sasa naomba tutulie kwa muda katika wilaya ya Gadchiroli, jimbo la Maharashtra nchini India. Madaktari wawili, mke na mume, Rani Bang na Abhay Bang, walihamia huko mwaka 1986. Jambo moja lililowasumbua ni nimonia ya watoto wachanga. Ninyi mnajua kwamba dalili yake kuu ni kupumua haraka: mtoto wa chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au wa miezi 2 hadi mwaka mmoja akipumua mara 50 au zaidi, anahitaji dawa mara moja. Ni rahisi ukiwa na saa na ukijua kuhesabu hadi 60. Lakini wakunga wa jadi, ambao ndio hasa waliokuwa karibu na watoto hao, wengi hawakuwa wamekwenda shule, na kuhesabu kwao kuliishia kwenye kumi na kitu.

Mtaalamu wa kawaida, nami nilikuwa mmoja wao, angesema hapo kwamba wakunga hawa hawafai, tutafute wengine. Akina Bang walibuni kifaa. Waliweka chupa ndogo ya kioo yenye mchanga unaoshuka kwa dakika moja, na kando yake wakapanga shanga kwenye waya. Mkunga anamtazama mtoto kifuani, anahesabu pumzi 10, anasogeza ushanga mmoja, anaanza upya. Ushanga wa mwisho ni mwekundu. Akiufikia kabla mchanga haujakwisha kushuka, mtoto ana nimonia, na dawa ipo pale pale. Utaalamu wote wa daktari wa watoto kuhusu mwendo wa pumzi uliingizwa katika waya na shanga, na ukakabidhiwa kwa mama aliyejua kuhesabu hadi 10. Kuna profesa atakayeona kifaa hicho ni cha kitoto. Namwomba ajaribu yeye mwenyewe kuhesabu pumzi za mtoto anayelia, usiku, kwa mwanga wa kibatari, ndipo aseme.

Kutoka hapo waliwageukia vichanga. Waliwafundisha wanawake wa vijiji hivyo hivyo, wenye elimu ya shule ya miaka 5 hadi 10, kumtembelea mama na kichanga nyumbani, kumpatia mtoto joto, kusaidia unyonyeshaji, na, jambo lililozusha ubishi kuliko yote, kutambua maambukizi ya damu na kumchoma kichanga sindano ya gentamisini, dawa ya kuua bakteria. Matokeo yalichapishwa katika Lancet mwaka 1999: katika vijiji 39 vilivyopata huduma hiyo, vikilinganishwa na vijiji 47 visivyoipata, vifo vya vichanga vilikuwa vimepungua kwa asilimia 62 kufikia mwaka wa tatu.

Kukabidhi ujuzi, hata hivyo, si sawa na kutangaza ujuzi, na mfano wangu wa jambo hilo unatoka Bangladesh. Mwaka 1980 shirika la BRAC lilianza kuwafundisha akina mama, nyumba hadi nyumba, kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha: nusu lita ya maji, chumvi ya kushikika kwa vidole 3, na konzi ya sukari guru. Katika miaka 10 walizifikia nyumba zaidi ya milioni 12. Wafundishaji hawakugawa vipeperushi. Waliketi na mama mpaka akachanganya maji yale kwa mikono yake mwenyewe. Wiki kadhaa baadaye mkaguzi alirudi kwa baadhi ya nyumba hizo, akapima kile mama alichokikumbuka, na malipo ya mfundishaji yakategemea kumbukumbu ya mama. Nawaza ingekuwaje kama mishahara yetu sisi wahadhiri ingepangwa kwa mtindo huo. Naona mnacheka, wenzangu hapa mbele hawacheki.

Mwanzoni, lakini, kulitokea jambo lisilotarajiwa. Akina mama walilikumbuka somo vizuri, ila wachache tu walilitumia mtoto alipougua. Shirika lilipowahoji wafundishaji wake, liligundua kwamba wengi wao wenyewe hawakuyaamini maji yale. Wakiharisha walitafuta vidonge. Ndipo walipopelekwa kwenye hospitali ya utafiti wa kipindupindu mjini Dhaka wajionee kwa macho yao wagonjwa waliolegea wakiinuka kwa kunyweshwa tu. Vilevile waligundua kwamba waume walikuwa wameachwa nje ya mazungumzo, wakaanza kuwafuata wanaume walikokusanyika. Matumizi yakapanda. Mama wa kijijini alikuwa amesoma sura ya mfundishaji wake, akaona kwamba mwenye somo hana imani nalo. Hakuna takwimu itakayofuta kitu kama hicho.

Mtaweza kusema kwamba yote haya ni ya magonjwa mepesi kuelezeka, na kwamba magonjwa ya kibingwa yabaki kwa mabingwa. Sanjeev Arora, bingwa wa ini katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, alikuwa na orodha ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliosubiri miezi 8 kumwona, wengine wakisafiri mwendo mrefu sana. Mwaka 2003 alianza kukutana kila wiki, kwa njia ya video, na madaktari na wauguzi wa vituo vya vijijini na vya magereza. Kila mmoja alileta mgonjwa wake, bila jina, wakamjadili pamoja, na matibabu yakafanyika kule kule. Mwaka 2011 matokeo ya wagonjwa 407 yalichapishwa: waliopona katika kliniki ya chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5, na katika vituo vile asilimia 58.2. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya kawaida. Kilichohitajika ni bingwa aliyekuwa tayari kukubali kwamba muuguzi wa mbali anaweza kumtibu mgonjwa huyo sawa na yeye.

Nisije nikaeleweka vibaya. Zipo shida ambazo ujuzi uliogawiwa hauzimalizi. Sereen Thaddeus na Deborah Maine, mwaka 1994, walieleza ucheleweshaji wa aina 3 unaomuua mama mjamzito: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mhudumu wa kijijini anaweza kuupunguza ule wa kwanza, lakini wa pili unahitaji barabara na chombo cha usafiri, na wa tatu unahitaji damu, dawa ya usingizi na mtu wa kuamka usiku. Nilipokuwa tabibu kijana niliandika barua nyingi za rufaa, kwa mwandiko safi na uchunguzi sahihi. Siku moja nilikutana njiani na mama niliyemwandikia barua miezi kadhaa nyuma, bado anaumwa. Aliitoa kwenye mkunjo wa khanga, imelainika kama kitambaa, akaniuliza kama imeshapitwa na wakati au bado inafaa. Hakuwa na nauli, na mimi sikuwa nimemuuliza.

Kuna pia suala la malipo ya wahudumu wenyewe. Tumezoea kuwaita wa kujitolea, kisha tukawapa daftari 5, mkoba, fulana yenye nembo ya mradi, na kazi ya siku nzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 kuhusu wahudumu wa afya ngazi ya jamii unapendekeza walipwe kulingana na kazi, muda na majukumu yao, na unatahadharisha dhidi ya malipo yanayotegemea zaidi matokeo. Mtaona kwamba hilo linagongana kidogo na mtindo wa Bangladesh niliousifu. Maoni yangu ni kwamba kumpima mfundishaji kwa kile kilichobaki kichwani mwa mwanafunzi ni jambo jema, lakini mtu asiyejua mwezi ujao atapata nini hawezi kuijenga kazi yake juu ya kipimo hicho.

Nimalizie kwa kurudi Gadchiroli. Watu wa makabila ya msituni walikuwa wakiugua nyumbani na kukataa kwenda hospitali, na ilikuwa rahisi kusema kwamba wanashikilia mila. Akina Bang waliwauliza. Walijibiwa kwamba majengo yale makubwa yanatisha. Kwamba madaktari na wauguzi huvaa nyeupe, rangi ambayo maiti huvishwa, sasa mtu aliyevaa sanda atamwokoaje mgonjwa. Na kwamba ndugu huzuiwa kuingia, mgonjwa akaachwa peke yake kati ya wageni. Basi hospitali ilijengwa kwa vibanda vilivyopangwa kama kijiji chao, ikapewa jina la Danteshwari, mungu wao wa kike, na ndugu wakapewa mahali pa kukaa na mgonjwa wao.

Ndugu Mwenyekiti ananionyesha saa. Tuna nusu saa ya maswali, na ningeomba yaanzie kule nyuma.