Kutoka San Luigi mpaka Campo de' Fiori: mazungumzo na vijana wetu wa liceo, Roma

Shikamooni wazazi. Vijana mambo, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa niongee na nyie mnaoingia mwaka wa nne wa liceo, yaani sekondari ya huku Italia, sababu ndo mwaka mnakutana na Baroko, mtindo wa sanaa wa miaka ya 1600, kwenye historia ya sanaa, na vita vya dini vya Wakatoliki na Waprotestanti kwenye historia, na karibu kila anayekuja kwangu kuomba msaada analalamika kitu kimoja, majina mengi, miaka mingi, haviingii kichwani. Nawaelewa kabisa. Mimi nilifika Roma nina miaka 15, Kiitaliano cha kuokoteza, nikawa nakariri usiku kucha halafu asubuhi mwalimu akiuliza "kwa nini" nabaki nimenyamaza tu. Kosa langu nilikuwa nasoma picha kivyake na vita kivyake, kisa kwenye ratiba ni vipindi viwili.

Kilichonifungua macho ni kanisa la Wafaransa, San Luigi dei Francesi. Unaingia, unaenda upande wa kushoto mpaka karibu na altare kuu, kuna kikanisa cha pembeni kina giza, unatumbukiza sarafu kwenye kisanduku, taa inawaka. Hapo ndo unamwona Mathayo wa mchoraji Caravaggio, yaani Yesu akimwita mtoza ushuru Mathayo amfuate, kazi ya 1599 mpaka 1600. Wanaume watano wamekaa mezani wanahesabu hela, wengine wana kofia za manyoya, nguo za Roma ya wakati ule ule. Kulia Yesu na Petro wameingia miguu peku, mwanga unapita juu ya mkono wa Yesu unakwenda kuangukia nyuso za wale wa mezani. Sasa mwangalieni yule kijana wa mwisho kushoto, ameinamisha kichwa, vidole viko kwenye hela, hata hajajua kuna mtu kaingia. Wataalamu mpaka leo wanabishana Mathayo ni yule mzee mwenye ndevu anayenyoosha kidole au ni huyo kijana, mimi nasema ni kijana, na mwalimu akikuuliza usiogope kuchagua upande, toa sababu zako kwa kuonyesha kwenye picha.

Haya, kwa nini ichorwe hivyo? Huko kaskazini Waprotestanti wengine walikuwa wanavunja sanamu makanisani, mwaka 1566 Uholanzi na Ubelgiji ya leo zilivunjwa nyingi sana, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikuwa umeshasema 1563 kwamba picha zibaki, ila ziwafundishe watu imani. Kwa hiyo mtu asiyejua kusoma anaingia San Luigi anaona watu waliovaa kama jirani yake wanaitwa na Yesu, hahitaji kutafsiriwa. Halafu kumbukeni kanisa ni la Wafaransa, na mfalme wao Henri IV alikuwa Mprotestanti akarudi Ukatoliki 1593, Papa akamwondolea adhabu 1595. Mtu anaitwa aache aliko aje upande huu, na ukutani pale ni hilo hilo, mimi siwezi kuamini Mfaransa wa mwaka 1600 aliisimamia picha ile asimfikirie mfalme wake.

Sasa tokeni nje, pitieni Piazza Navona, nendeni mpaka Campo de' Fiori, kwa miguu ni kama dakika kumi. Katikati ya wauza mboga kuna sanamu ya Giordano Bruno, mwanafalsafa aliyehukumiwa na Kanisa kwa uzushi, na kofia yake imemfunika uso. Alichomwa moto pale tarehe 17 Februari 1600, akiwa hai, baada ya kufungwa miaka mingi, na siku hiyo Caravaggio alikuwa bado na kazi ya San Luigi mkononi. Yaani mji mmoja, mwaka mmoja, huku Kanisa linaita watu kwa mwanga, huku linawasha moto. Siku nilipotembea mwenyewe njia ile ndo nikaelewa vile vipindi viwili ni somo moja, na sijawahi kusahau mwaka 1600 tena.

Na pale Navona msipite tu. Chemchemi ya mchongaji Bernini ya mwaka 1651 ina sanamu za mito minne, na mmoja ni Nile, mwanaume wa marumaru aliyejifunika kichwa kwa kitambaa, kwa sababu Ulaya ilikuwa haijui Nile inaanzia wapi. Nilipoonyeshwa na darasa niliumia na nikafurahi kwa pamoja, mjomba wangu yuko Jinja, Uganda, pale mto unapotoka Ziwa Victoria, na watu wa kule walikuwa wanavua samaki hapo siku zote kile kitambaa cha Bernini kikichongwa. Nikanyoosha mkono nikasema hivyo hivyo kwa Kiitaliano changu kibovu na darasa zima likageuka kuniangalia.

Jumamosi tunakutana nje ya San Luigi. Mje na sarafu, kila mtu yake, taa inazima haraka.