Jicho la Mkunga na Mistari ya Patografu

Wenzangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie namna akili inavyoamua. Wengi mmeshasikia kwamba ina njia mbili: ya haraka, inayokupa jibu kabla hujaliomba, na ya polepole, inayohesabu na kuchoka upesi. Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, aliueneza sana mgawanyo huo. Kinachonikera ni watu kuondoka wakidhani ya haraka ni ya kijinga, ya polepole ndiyo ya wasomi. Nendeni leba mkaone.

Mtoto ametoka, hajalia, amelegea. Mkunga mzoefu hakai kupima hoja. Anamkausha, anamsugua mgongo, na asipopumua, ambu, ule mfuko wa kumpulizia hewa, iko usoni kabla dakika haijaisha. Muulize aliamuaje. "Nilimwona tu."

Tumwamini? Mwaka 2009 Kahneman aliandika makala na Gary Klein, mtafiti wa makamanda wa zimamoto na mtetezi wa hisia ya mzoefu. Walianza wakipingana, wakakuta wanakubaliana: hisia hiyo huaminika pale mambo yanapofuata utaratibu, na mtu anapopata majibu ya uamuzi wake upesi, tena mara nyingi. Mtoto anayepewa pumzi hukujibu papo hapo.

Uchungu unaochelewa haujibu hivyo. Mama kaingia jioni, zamu imebadilika, kila anayepita anasema "anaendelea vizuri". Ukimpa rufaa akajifungua salama, hutajua kama angejifungua salama palepale zahanati. Usipompa, fistula, tundu linalovujisha mkojo au kinyesi ukeni, huweza kujitokeza siku kadhaa baadaye, ameshatoka mikononi mwako. Jicho litajifunzia wapi?

Mwaka 1972 Hugh Philpott na W. M. Castle, waliokuwa wakifanya kazi Salisbury, yaani Harare ya leo, walichapisha patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, yenye mistari miwili. Wa tahadhari ulipanda kwa kasi ya mlango wa kizazi kufunguka sentimita 1 kwa saa. Wa kuchukua hatua ulikaa saa 4 mbele yake. Mama akiwa kliniki ya mbali akavuka ule wa kwanza, apelekwe hospitali. Angalieni ujanja wake: kazi ya kufikiri polepole ilishafanywa mapema, na watu waliotulia, wasio na mama anayelia pembeni. Mkunga wa usiku kabakiziwa kupima na kuweka alama.

Ndiyo maana huniuma kuona patografu iliyojazwa baada ya mtoto kuzaliwa, alama zimejipanga kama gwaride. (Najua, wahudumu ni wachache na wodi imejaa. Bado inaniuma.)

Wala mistari ile si msahafu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilisema sentimita 1 kwa saa ni kasi isiyowafaa baadhi ya wanawake, na kwamba kipimo hicho peke yake kisiwe sababu ya kuingilia kati. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unaanza kuhesabu kwenye sentimita 5, na kila hatua ina muda wake: mama asiposogea kwenye 5, tahadhari ni baada ya saa 6, kwenye 9, ni saa 2 tu. Tofauti hiyo hakuna jicho lingeikisia usiku wa manane, hata la bibi yangu aliyezalisha kijiji kizima.

Haya, nipeni maswali.