Kigae, Oili Tatu na Giaboksi ya Dada Somoe

BAKARI: Wasikilizaji wetu, karibuni tena kutoka hapa Mtwara mjini. Nilipanga leo tuzungumzie mambo matatu, yaani oili ya difu (lile sanduku la gia kwenye ekseli ya magurudumu), oili ya giaboksi ya gia za mkono na haidroliki ya giaboksi za otomatiki, lakini Dada Somoe ameingia na kigae cha sakafuni kilichofungwa kwenye gazeti, na mpango wangu nauona umeanza kuyumba kabla hatujakaa.

SOMOE: Shikamoo, Kaka Bakari.

BAKARI: Marahaba, dada yangu. Fungua hilo gazeti utuambie.

SOMOE: Nitaanza na gari ndipo nifike kwenye kigae. Hailaksi yangu mnaijua wote, na mnajua kwamba kila mwaka kabla ya msimu wa korosho naiandaa kwa ajili ya kupanda na kushuka ule mteremko wa Newala. Jumamosi iliyopita niliamua kubadilisha oili ya giaboksi na ya difu mwenyewe, pale nyumbani Mikindani chini ya mwembe. Nilikwenda dukani, nikaomba oili ya giaboksi na oili ya difu, na muuzaji akanipa makopo yanayofanana, yote ya unene wa 85W-140 na yenye alama ya GL-5, yaani daraja la dawa za kulinda meno ya gia, akaniambia kwamba oili nzito ni oili nzito, kinachotofautiana ni kopo. Nilimwamini kwa sababu nilikuwa na haraka.

BAKARI: Ukajaza kote kuwili?

SOMOE: Nikajaza kote kuwili. Kazi yenyewe niliifanya kwa uangalifu, maana wewe ndiye uliyenifundisha kulegeza nati ya kujazia kabla ya kugusa nati ya kumwagia, ili nisije nikamwaga oili yote halafu nikakuta nati ya juu imeshika kutu na gari haiwezi kuondoka. Sumaku ya nati ya chini ilikuwa na tope la kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta, na nilipolisugua kati ya vidole sikuhisi kipande cha chuma hata kimoja. Nilifurahi sana. Lakini Jumapili alfajiri nilipowasha gari na kuingiza gia ya pili, ilikwaruza, na kijiti cha gia kilikuwa kizito kana kwamba nasonga ugali wa muhogo wa watu ishirini. Gari ilipopata moto ikalainika kidogo, na Jumatatu asubuhi ikarudia yale yale.

BAKARI: Kitabu cha gari kinasemaje?

SOMOE: Kinasema 75W-90 kwenye giaboksi. Nilikuwa nacho ndani ya gari muda wote na sikukifungua, na jambo hilo limeniuma kuliko hela ya oili. Nikaagiza 75W-90 yenye alama ya GL-4 kutoka Dar es Salaam, ikaja na basi Jumatano, nikamwaga ile nzito kwenye dumu safi lenye kifuniko, nikajaza hii mpya mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye mdomo wa tundu, gari ikiwa imesimama mahali pa usawa. Alhamisi asubuhi gia ya pili iliingia bila sauti yoyote.

BAKARI: Sasa kigae.

SOMOE: Kigae kinatokana na swali la kijana wa jirani, ambaye alisoma makopo akaniuliza kwa nini oili ya giaboksi ni 90 wakati ya injini ni 40, na kama hiyo ya 90 ni nzito mara mbili na zaidi. Sikuwa na jibu la kumridhisha, kwa hiyo tulichukua kigae hiki, tukakiegemeza kwenye tofali, tukaweka juu yake matone matatu kwa ncha ya kijiko: 15W-40 ya injini, 75W-90 ya giaboksi na 85W-140. Watoto wote wa mtaa walikuja, kila mmoja akachagua tone lake.

BAKARI: Tone lipi lilishinda?

SOMOE: Ya injini na ile 75W-90 zilishuka pamoja, bega kwa bega, hata watoto wakabishana nani ametangulia. Ile ya 140 ilikuwa bado iko karibu na pale ilipoanzia, na mtoto aliyeichagua alikuwa karibu kulia.

BAKARI: Hapo mmeona jambo ambalo mafundi wengi wa miaka mingi hawalijui. Namba za oili ya injini na namba za oili ya gia zinatoka kwenye majedwali mawili tofauti, yote ya SAE, chama cha wahandisi wa magari: J300 kwa injini na J306 kwa gia, na namba ya jedwali moja hailinganishwi na namba ya jedwali jingine. Oili ya injini ya 40 ikipimwa kwenye nyuzi 100 za Selsiasi huwa na unato, yaani ugumu wa kutiririka, wa kuanzia milimita za mraba 12.5 kwa sekunde hadi chini kidogo ya 16.3. Oili ya gia ya 90 huanzia 13.5 hadi chini ya 18.5. Utaona kwamba zinapishana kwa sehemu kubwa. Ile ya 140 huanzia 24, na ndiyo maana tone lake lilibaki nyuma.

SOMOE: Na hiyo 75W ya mwanzo?

BAKARI: Hiyo inahusu baridi. Oili ya 75W lazima iwe bado inaweza kutembea kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, ya 80W kwenye 26 chini ya sifuri, na ya 85W kwenye 12 chini ya sifuri. Hata alfajiri ya Newala yenye upepo haikaribii huko. Kwa hiyo sisi watu wa kusini tutazame zaidi namba ya pili. Lakini nina tatizo na mashindano yenu.

SOMOE: Tatizo gani?

BAKARI: Matone yalikuwa na ukubwa sawa? Kigae kilikuwa kivulini chote au nusu yake ilipigwa na jua? Tone lililo kwenye sehemu yenye joto linakimbia kwa sababu ya joto.

SOMOE: Chote kilikuwa kivulini, na matone niliyapima kwa ncha ya kijiko kile kile, nikikifuta kila mara. Tulirudia mara nne, Kaka Bakari. Mara ya tatu ya injini ilitangulia kwa upana wa kidole, mara ya nne 75W-90 ikatangulia. Ya 140 haikushinda hata mara moja.

BAKARI: Basi nakubali matokeo. Ila tukubaliane pia kwamba yanaeleza kisa chako chote. Pete za shaba ya manjano zilizo ndani ya giaboksi hufanya kazi ya kulinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, na ili zifanye hivyo lazima zikate utando wa oili haraka na kugusa chuma. Oili ikiwa nzito kupita kiasi, pete inachelewa, na wewe unasikia mkwaruzo. Hilo lilikuwa suala la unene wa oili. GL-5 haikuhusika.

SOMOE: Hapo ndipo tunapoachana. GL-5 imetengenezwa kwa ajili ya difu, ambako piniani, ile gia ndogo, inakaa chini ya katikati ya krauni, ile gia kubwa, na meno yake yanasuguana kwa kuteleza huku yakisukumana kwa nguvu kubwa. Ndiyo maana ina dawa nyingi zaidi ya salfa na fosforasi, ambayo hujenga ngozi juu ya chuma. Difu yangu inaihitaji, na nimeiachia. Lakini ngozi hiyo ikishika kwenye shaba, ambayo ni laini, inaondoka na shaba yenyewe kidogo kidogo. Sitaki hilo litokee kwenye pete ambazo zimenibebea mizigo miaka yote hii.

BAKARI: Vitabu vya Toyota nyingi za gia za mkono vinaandika GL-4 au GL-5 kwenye giaboksi. Isitoshe, kuna kipimo cha ASTM D130, ambapo ukanda wa shaba huloweshwa kwenye oili ya moto kisha hutazamwa umebadilika rangi kiasi gani. Oili za GL-5 hupitishwa kwenye kipimo hicho. Mtu wa Tandahimba au Nanyamba akinunua 75W-90 nzuri ya GL-5 ambayo kitabu chake kinairuhusu, ataitia giaboksi na difu, na hatakosea kopo kamwe.

SOMOE: Ukanda huo unalala kwenye oili bila kusuguliwa na kitu. Pete yangu inasuguliwa kila ninapobadilisha gia, na kutoka Newala hadi chini nabadilisha mara ngapi? Kipimo hicho hakinijibu.

BAKARI: Na wewe ulibadilisha vitu viwili kwa mara moja, unene na daraja. Huwezi kusema ni kipi kilichonyamazisha gia ya pili.

SOMOE: Sisemi GL-5 ndiyo iliyokwaruza Jumapili. Naizungumzia miaka kumi ijayo.

BAKARI: Na mimi nasema miaka kumi ijayo utakuwa umelipa nauli ya basi kwa oili ambayo hukuihitaji.

SOMOE: Nitailipa kwa moyo mweupe.

BAKARI: Mimi sijashawishika.

SOMOE: Hata mimi. Muda umebaki kiasi gani?

BAKARI: Dakika tatu, na haidroliki hatujaigusa. Kuna msikilizaji wa Lindi aliyeuliza kuhusu IST yake, na wa Masasi mwenye gari ya CVT, ile otomatiki inayotumia mkanda na puli badala ya gia.

SOMOE: Kwa dakika tatu tutawapotosha. Tuwaambie jambo moja la kuwalinda mpaka tutakaporudi.

BAKARI: Basi ni hili: msinunue haidroliki kwa kutazama rangi nyekundu. Toyota ina haidroliki inayoitwa T-IV na nyingine inayoitwa WS, na moja haichukui nafasi ya nyingine kwa sababu tu zinafanana rangi. Mwenye CVT asikubali kuwekewa haidroliki ya otomatiki ya kawaida hata akiambiwa ni ya bei kubwa, kwa sababu mkanda wa chuma wa CVT unahitaji oili inayoushikisha na puli bila kuteleza. Someni jina lililo kwenye kitabu au kwenye kijiti cha kupimia, mlipeleke dukani likiwa limeandikwa kwenye karatasi.

SOMOE: Na oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Pale Mikindani mitaro yote inaishia kwenye ghuba.

BAKARI: Ile 140 uliyoimwaga iko wapi?

SOMOE: Iko kwenye dumu, imefunikwa. Watoto wanataka mashindano mengine, safari hii saa saba mchana.

BAKARI: Nisubirini. Nitakuja na kipimajoto.