Kabati la Bunduki la Jirani Yangu

Habarini za huko nyumbani, wapendwa. Mnivumilie na huu upepo, nimetoka nje maana ndani watoto hawanipi nafasi. Niko pale pale, nje kidogo ya Wagga Wagga, New South Wales, na ule uzio mnaouona nyuma yangu ni wa mzee jirani yangu, mfuga kondoo.

Mmeniuliza sana: "Dada, si ulituambia Australia walishamaliza habari ya bunduki? Sasa yale mauaji ya ufukwe wa Bondi, Sydney, yalikuwaje?" Swali linaniuma, maana kweli nilitamba.

Tuanzie Port Arthur, Tasmania, tarehe 28 Aprili 1996. Mtu mmoja aliingia mkahawani na bunduki ya kujipakia yenyewe. Kabla nusu dakika haijaisha, 12 walishakufa. Siku ile walikufa 35. Waziri mkuu John Howard, mhafidhina, hata miezi miwili ofisini alikuwa hajafikisha, lakini ndani ya siku 12 akawa amekubaliana na majimbo yote. Bunduki za namna ile, marufuku. Ukitaka nyingine, useme ni ya kazi gani, na "kujilinda" si sababu. Zilizopigwa marufuku serikali ikazinunua, karibu 650,000, hela ikatoka kwenye kodi ya afya iliyopandishwa kwa mwaka mmoja. Sisi nyumbani ukisalimisha gobole lako unarudi mikono mitupu. Hapa walilipwa, na bado wakanuna! Howard alipokwenda mji wa Sale, jimbo la Victoria, kuzungumza na wenye bunduki, alivaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya koti.

Mzee wangu huyu alikuwa mmoja wa walionuna. Alisalimisha bunduki ya marehemu baba yake, na mpaka leo akiisimulia huangalia pembeni. Siku moja alinionyesha kabati lake: la chuma, limekazwa kwa bolti ukutani, risasi zina kisanduku chao na kufuli lao. Anazo tatu, za mbweha na sungura. Polisi huja kukagua.

Ilisaidia? Katika miaka 18 kabla ya sheria, mashambulizi ya kuua watu 5 au zaidi kwa bunduki yalikuwa 13. Baada yake, mpaka 2018, hata moja. Najua mtasema mwenye nia atachukua hata panga. Aprili 2024, Bondi Junction, huko huko Sydney, mtu aliingia kwenye maduka na kisu. Aliua 6 kabla askari hajampiga risasi. Sita ni msiba mzito, ila si 35.

Na wewe wa Mombasa uliyeuliza mbona Kenya ina sheria kali na chuo kikuu cha Garissa 2015 wakafa 148: ni ule mpaka na Somalia, ndugu yangu. Nchi hii imezungukwa na bahari. Sheria ya kisiwani ukiibandika Garissa bila kuushika mpaka, umebandika karatasi.

Sasa Bondi Beach, 14 Desemba 2025. Baba na mwanawe, watu 15 wakauawa. Baba alikuwa na leseni, na bunduki 6 kihalali. Mwana aliwahi kuchunguzwa na idara ya usalama mwaka 2019. Hapa ndipo damu inaponichemka. Huyu mzee wangu wa kondoo anakaguliwa mpaka kufuli. Mkazi wa Sydney ana bunduki sita, za mbweha gani? Sheria ilikuwepo. Aliyetakiwa kurudi kuuliza alikuwa wapi?

Kabla ya Krismasi bunge la jimbo letu likapitisha kiwango: bunduki 4 kwa mtu, wakulima 10. Mzee haimgusi. Lakini nilipompelekea maandazi nikamchokoza: wakisema tena salimisheni, utatoa? Akanyamaza, akamaliza andazi la pili, ndipo akasema mbili atatoa, moja itabaki, maana mbweha hawasomi sheria.

Haya, ngoja niingie, nimesikia kitu kimevunjika huko ndani.