Mayi ya Goma na bia ya nyumbani: namna ya kuyapima na kuyarekebisha

Jambo wapenzi, karibuni. Leo ni mayi tu, bia nzima mpaka mwisho tutaipika video inayofuata, juu kila wiki napata meseji za namna hii: bia yangu iko na ukakasi, bia yangu inanuka dawa, nifanye nini? Mutu anabadilisha kimea, anabadilisha hamira, anabadilisha hopsi (yale maua ya kuleta uchungu), pesa inaisha, na mayi ambayo njo sehemu kubwa ya ile chupa hajayapima hata siku moja. Na kwetu Goma mayi si ya kuchezea.

Angalieni hapa ku meza. Glasi mbili, sacheti mbili za chai kutoka boksi moja. Ya kushoto nimeweka mayi ya robine ambayo yanapompwa kutoka mu ziwa Kivu, ya kulia mayi ya mvula, yote nimeyachemsha sawasawa. Tuache dakika tano. Haya, munaona? Ya ziwa imekuwa nyeusi, imezubaa, haipitishi mwangaza, na ya mvula iko nyekundu safi mpaka munaona kidole changu kwa nyuma. Sasa nakamulia ndimu mu glasi ya kushoto, tone moja, mbili, tatu… weusi unaondoka polepole, lakini munaona ndimu nyingi inaingia mbele ya rangi kubadilika. Hiyo nguvu ya mayi kukatalia asidi njo inaitwa alkaliniti, na leo njo adui wetu mukubwa.

Watu wanachanganya alkaliniti na pH. pH ni kipimo cha ukali wa asidi, chini ya 7 ni asidi, juu yake ni kinyume: inakuambia mayi yako wapi saa hii, alkaliniti inakuambia itakugharimu asidi kiasi gani kuyatoa pale. (Na pH yenyewe ilianzia mu labo ya kiwanda cha bia, Sørensen aliileta mwaka 1909 akiwa kule Carlsberg, Copenhagen, kwa hiyo tukiongea pH tuko nyumbani kabisa.) Mayi ya juu ya ziwa Kivu iko na pH karibu 9, na alkaliniti inapita 600 mg kwa lita ukihesabu kama kalsiamu kaboneti. Kwa bia ya rangi ya dhahabu tunataka chini ya 50 hivi. Fikirieni hiyo tofauti.

Sasa ile shauri ya intaneti, "chemsha mayi, chokaa itatua chini, mimina ya juu". Ni shauri nzuri kwa mayi yenye kalsiamu nyingi, juu bikarbonati, ile njo inaleta alkaliniti, inashikana na kalsiamu njo inatua. Nyinyi wa Lubumbashi munaovuta mayi ya chini ya ardhi mu mawe ya chokaa, kwenu inaweza kusaidia kabisa. Lakini ziwa letu kalsiamu yake ni kidogo sana, bikarbonati imekaa pamoja na magnesiamu, sodiamu na potasiamu, na hizo hazitui kwa kuchemsha, utamaliza makala ya bure.

Njia ya pili watu wanajaribu ni kumwaga asidi mpaka pH ishuke. Tupige hesabu. Mayi ya ziwa matupu lita 20 itakuomba karibu mililita 20 ya asidi laktiki ya asilimia 88. Bia itakuwa na ladha ya maziwa yaliyoganda, hamna namna ya kuificha. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: kwanza unapunguza, halafu unaongeza kalsiamu, asidi inakuja mwisho na kidogo tu.

Tunaanza kupima. Nunua stripi za kupima mayi ya pisini, zile zenye kiboksi cha alkaliniti. Shida ni kwamba nyingi zinaishia 240, ukizamisha mu mayi ya ziwa kiboksi kinakwenda rangi ya mwisho kabisa na hujui ni 250 ama 700. Kwa hiyo chukua kikombe kimoja cha ziwa, vikombe vitatu vya mvula, koroga, zamisha stripi, soma, zidisha mara nne. Pima pia mvula peke yake, inapaswa kukaa karibu na sifuri, la sivyo hesabu inakudanganya.

Mvula sasa. Msinikimbilie. Moshi wa volkano yetu Nyiragongo unaingiza asidi na floridi mu mvula, na floridi haitoki kwa kuchemsha, inazidi kujikusanya juu mayi yanapungua. Kwa watu wa Rusayo na Sake, kule moshi unapenda kuelekea, mimi naomba mupeleke sampuli ku labo mbele ya kutumia, kiwango cha OMS (shirika la afya la dunia) kwa mayi ya kunywa ni 1.5 mg kwa lita. Siku majivu yanaanguka, usikinge kabisa. Siku nyingine acha mvula ya kwanza ioshe mabati, ile imwagike, njo uweke bido. Kama mvula yako haifai, tumia mayi ya chupa, lakini soma etiketi nyuma, tafuta yenye bikarbonati kidogo.

Klorini nayo. Robine iko na klorini, dawa ya kuua vijidudu, na ukichota ku mwambao wa ziwa wale watu wa kuzuia kolera wenye seringi wanakuwekea mu bido, na wacha waweke, kolera si mchezo. Ila klorini ikikutana na kimea inatoa ile harufu ya plasta na dawa munayoniandikia. Acha mayi wazi usiku kucha mu sufuria pana, ama chemsha dakika 20, ama tumia kidonge cha Campden, cha kuondoa klorini: kimoja kinatosha lita 75 hivi, kwa lita 20 vunja robo, saga, koroga. Mayi yoyote yatakayoingia mu bia baada ya kupoa, ama ya kusuuzia vyombo, yachemshwe kwanza, hapo sijadili.

Haya tuchanganye. Bia nyepesi, lita 20: lita 4 za ziwa, lita 16 za mvula. Alkaliniti inashuka mpaka 120 ama 130 hivi, inayobaki tutaishusha na asidi kidogo mwishoni, na magnesiamu ya ziwa inabaki ya kutosha kwa hamira, kwa hiyo chumvi ya Epsom, ile ya magnesiamu, usiweke. Kalsiamu njo inakosekana, tunataka karibu 50 mg kwa lita. Weka jasi (kalsiamu salfeti) gramu 2 na kalsiamu kloridi gramu 2, zote za kiwango cha chakula, si jasi ya mafundi wa plafo tafadhali. Mizani ya jikoni haisomi gramu 2 vizuri, azima ile ndogo ya wauza dhahabu. Ukipenda uchungu wa hopsi ukauke na kukata, ongeza jasi kidogo na upunguze kloridi. Ukipenda bia ijae mudomoni, fanya kinyume.

Bia nyeusi ni habari nyingine. Kimea kilichokaangwa kinaleta asidi yake chenyewe, kwa hiyo peleka ziwa mpaka lita 6, mvula 14, na mara nyingi asidi hutaihitaji hata tone. Mimi nasema wazi, mutu wa Goma anayeanza angeanza na bia nyeusi, mayi yetu yanaipenda.

Sasa kimea kiko ndani, mayi ya moto, umekoroga, dakika 10 ama 15 zimepita. Chota kijiko, mwaga ku sahani ya bati, ipoe mpaka digri 25 hivi, njo upime. Usizamishe kipima pH mu uji wa moto (ule mchanganyiko wa kimea na mayi), kinaharibika na namba inatoka chini kuliko ya baridi. Tunatafuta 5.2 mpaka 5.6, mimi nasimama ku 5.4. Hii yangu… 5.7. Vaa glovu, vuta asidi laktiki nusu mililita na seringi mpya, tembeza juu ya uji wote, koroga, ngoja dakika tano, pima tena. 5.6. Nusu nyingine. Kwa mchanganyiko huu mara nyingi unaishia mililita 2 ama 3. Asidi ya betri ya gari HAPANA, iko na madini ya risasi ndani, ni sumu, hata kama jirani amekuambia anaitumia.

Mayi ya kuoshea kimea mwishoni watu wanayasahau, na ule ukakasi mwingi unatokea pale, juu sukari inapungua, pH inapanda, maganda yanaanza kuachia tanini kama ile chai ya kushoto. Tumia mvula peke yake, ama mchanganyiko wetu ulioushusha na asidi chini ya 6, na joto lisipite digri 77. Ukionja ile inayotoka ikaanza kukukausha ulimi, funga robine ya sufuria pale pale, hata kama lita hazijatimia.