Fereti Wawili Wachanga: Meno, Choo na Joto la Jike

REHEMA: Karibuni tena, ndugu wasikilizaji. Mimi ni Rehema, muuguzi wa wanyama huku kaskazini mwa Uingereza, na mwenzangu ni Bakari, ambaye hivi karibuni ameleta nyumbani fereti wawili wachanga, dume na jike wa uzao mmoja. Kwa wale mnaotusikiliza kutoka Tanga au Mombasa ambao hamjapata kumwona, fereti ni jamaa wa kicheche: ana mwili mrefu, miguu mifupi na pua isiyotulia. Amefugwa Ulaya kwa zaidi ya miaka 2,000, na kazi yake ya asili ilikuwa kuingizwa katika mashimo ya sungura ili awatimue watoke mbio na kunaswa kwenye nyavu.

BAKARI: Kazi hiyo bado inafanywa mashambani huku, dada, na nimegundua kwamba ukiikumbuka utaelewa karibu kila jambo wanalolifanya ndani ya nyumba. Mnyama aliyeteuliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya kupenda mashimo hatakaa katikati ya sebule akiangalia watu. Ataingia chini ya kochi, atavuta soksi moja baada ya nyingine hadi kwenye kona yenye giza, na chakula atakachobakiza atakificha huko huko.

REHEMA: Basi tuanze na siku za mwanzo, kwa sababu watu wengi huwafungulia nyumba nzima tangu siku ya kwanza kwa kuwaonea huruma. Mtoto wa fereti huondoka kwa mama yake akiwa na wiki 8 au zaidi, na kwa umri huo nyumba yenye vyumba vitatu ni kubwa mno kwake. Mpe kizimba kikubwa chenye ghorofa mbili au tatu na sakafu isiyo ya waya mtupu, maana waya huumiza nyayo. Mtundikie kitambaa cha kulalia kinachoning'inia, kisha umfungulie chumba kimoja tu mpaka akizoee.

BAKARI: Hicho kitambaa ndicho kinachotumika kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimesoma kwamba hulala saa 14 hadi 18 kwa siku, lakini kusoma ni jambo moja na kuona ni jambo jingine. Usingizi wao una hatua moja ya kutisha ambapo unaweza kumwinua mnyama, akalegea mkononi, asifumbue hata jicho. Mama yangu alipokuja kututembelea alimwinua jike akiwa katika hali hiyo, akaanza kusema innalillahi, na ilibidi tumsubirishe mpaka mnyama alipopiga mwayo.

REHEMA: Hali hiyo ni ya kawaida kabisa, ila mtu asipomwona akiamka hata baada ya kupashwa joto na kuitwa kwa dakika kadhaa, ampeleke kwa daktari, kwa kuwa sukari ikishuka sana mwilini nayo humlegeza hivyo hivyo. Sasa tuingie kwenye meno, maana najua wengi wanaotuandikia wanauliza hilo kwanza.

BAKARI: Wananiuma, dada, tena bila uadui wowote. Wanacheza wao kwa wao kwa kuumana ukosi na kuburutana, na wanadhani mkono wangu nao unacheza.

REHEMA: Ndivyo ilivyo. Ngozi ya fereti ni nene, hasa shingoni, kwa hiyo nguvu ambayo ndugu yake haihisi hata kidogo ndiyo inayokutoa wewe damu. Hajui tofauti hiyo mpaka afundishwe, na kufundisha kwenyewe ni kuwa na jibu lile lile kila mara. Akiuma, usimwangushe wala usimweke chini haraka, kwa sababu atajifunza kwamba kuuma ndiyo njia ya kuachiliwa, na kesho atakuuma kila anapotaka kushuka. Mshike kwa utulivu, tamka neno moja fupi, lile lile siku zote, kisha mpe kitu kinachoruhusiwa kuumwa. Akirudia, mweke peke yake kwa dakika tatu au nne katika kizimba kidogo ambacho si kile anacholalia, ili kitanda chake kisigeuke gereza.

BAKARI: Kuna mzee mmoja kijijini kwetu aliyefuga fereti wa kuwinda tangu ujana wake, na yeye aliniambia niwashike ukosi, niwatikise kidogo, kwa sababu mama yao hufanya hivyo.

REHEMA: Nusu ya maneno yake nayakubali. Kumshika ukosi huku ukitegemeza miguu ya nyuma ni njia nzuri ya kumtuliza unapompa dawa au unapomkata kucha. Mara nyingi atapiga mwayo mrefu na kutulia. Kumtikisa na kumpiga pua ni jambo jingine. Nimewapokea kliniki fereti waliopigwa pua, na hao ndio wanaouma kwa hofu: wanashika na hawaachii. Anayeuma kwa mchezo huacha kadiri anavyokua, mradi mafunzo hayakatizwi. Anayeuma kwa hofu huhitaji miezi mingi ya subira. Pia, kabla hujalaumu tabia, tazama sahani. Mtoto anayekua hula mara nyingi sana, na akiwa na njaa atauma chochote kinachonusa chakula, pamoja na kidole ulichokipenyeza kwenye nondo za kizimba. Usiwalishe kupitia nondo.

BAKARI: Na wao kwa wao je? Kuna wakati dume humburuta dada yake chumba kizima, naye anapiga kelele za kuomba msaada, au angalau ndivyo ninavyosikia mimi.

REHEMA: Dume akikomaa anaweza kuwa na uzito mara mbili ya jike, kwa hiyo macho yako yana haki ya kuangalia. Lakini tazama kinachofuata baada ya kelele. Jike akiachiwa na kurudi mwenyewe kumrukia kaka yake, huo ni mchezo. Akijificha asitoke, akijinyea kwa woga, au ukiona damu, watenganishe. Kwa watoto wa uzao mmoja jambo hilo ni nadra. Shida hutokea zaidi pale unapomleta mgeni kwa fereti mzima aliyezoea kuishi peke yake.

BAKARI: Mimi naona wawili ni afadhali kuliko mmoja, hasa kwa mtu anayekwenda kazini, ingawa nimesikia watu wakisema kwamba wawili hupendana wao na kumsahau mwenye nyumba.

REHEMA: Wanaweza kumsahau, kama mwenye nyumba hana nafasi yake maalumu. Mchukue kila mmoja peke yake kwa muda mfupi kila siku, mweke ndani ya koti lako ukiwa umekaa, na mpe tone la mafuta ya samaki aina ya samoni alilambe kwenye kijiko. Mafuta hayo hayo ndiyo yatakayokusaidia siku ya kucha: yapake tumboni mwake, naye atashughulika kuyalamba huku wewe ukikata. Na ukitaka aje akiitwa, chagua sauti moja, iwe ya mdoli unaolia au ya kopo linalotikiswa, na kila sauti hiyo ifuatwe na tone la mafuta. Siku atakapopenya mlangoni na kutokomea bustanini kwa jirani, hutakuwa na chombo kingine cha kumrudisha.

BAKARI: Zabibu kavu je? Niliuziwa vitafunio vya fereti vyenye zabibu.

REHEMA: Achana navyo. Fereti ni mla nyama kamili. Utumbo wake ni mfupi, na chakula hupita ndani ya saa tatu au nne, kwa hiyo hawezi kufaidika na nafaka nyingi wala matunda, na sukari haimfai, hasa kwa mnyama ambaye uzeeni hupatwa mara kwa mara na uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini kupita kiasi. Jambo la dharura kwa umri wa hao wako ni ladha. Fereti hujifunza harufu ya chakula katika miezi yake ya kwanza, na akishapita miezi sita huenda akakataa kitu kigeni hata kama ana njaa. Kwa hiyo sasa ndio wakati wa kuwaonjesha nyama mbichi ya kuku, yai, na aina mbili tofauti za chakula kikavu.

BAKARI: Tuje kwenye choo, ambako mimi na wao bado hatujaelewana.

REHEMA: Usiwalinganishe na paka. Paka hufukia kinyesi, kwa hiyo huutafuta mchanga mwenyewe. Fereti hutafuta kona. Ndani ya dakika chache baada ya kuamka atarudi kinyumenyume mpaka makalio yaguse pembe ya ukuta, amalize, kisha aende zake. Mafunzo yote ya choo yamejengwa juu ya tabia hiyo moja. Wakiamka, waweke kwenye trei kabla hujawafungulia mlango, nao wasitoke mpaka wamalize. Weka trei katika pembe za chumba, na zile pembe usizozitaka uweke matandiko au sahani, kwa kuwa hawapendi kuchafua wanapolala na wanapokula. Ndani ya trei tia chembe za karatasi iliyoshindiliwa. Usitumie udongo wa paka unaogandamana, maana wao huchimba na kunusa kwa nguvu, na vumbi lake huingia puani. Unaposafisha, bakiza kidogo cha zamani ili harufu iwaelekeze.

BAKARI: Hayo yote nimeyafanya, na bado wanapendelea pembe iliyo nyuma ya kabati la vitabu.

REHEMA: Basi hamishia trei huko. Wameshakuambia wanakotaka. Hata fereti aliyefundishwa vizuri atakosea mara moja moja, na asiyeweza kuvumilia hilo afuge samaki.

BAKARI: Nimekusikia. Kuhusu usalama wa chumba, nimeziba kila tundu ambalo kichwa chao kinaweza kupita, kwa sababu kichwa kikipita na mwili unafuata, na mwili wao hupita kwenye upenyo ambao usingedhania hata panya angehangaika nao. Kochi linalokunjuka tumeliondoa kabisa. Mashine ya kufulia tunaikagua kabla ya kuiwasha, kwa kuwa nguo zenye joto ndizo wanazozipenda kulalia.

REHEMA: Na ndala?

BAKARI: Ndala zimepanda juu ya kabati.

REHEMA: Vizuri. Wasikilizaji wasidhani ni mzaha. Raba, sifongo, vifuniko laini vya visikilizio vya masikioni, yote hayo wachanga huyatafuna na kuyameza, kisha utumbo huziba. Akikataa chakula, akisaga meno, akitapika, au kinyesi kikakoma, usingoje kesho.

BAKARI: Msikilizaji wetu wa Muscat anauliza kama anaweza kuwafuga kwake.

REHEMA: Ndani ya nyumba yenye kiyoyozi kisichozimika, labda. Fereti hawezi kujipoza kwa jasho, na joto linapokaribia nyuzi 30 yuko hatarini. Mimi nisingemshauri. Kwa walio Marekani, waulize sheria za mahali walipo kwanza, maana California na Hawaii hawaruhusu kabisa kumfuga.

BAKARI: Umesema utazungumzia jike, na naona umeniwekea mwishoni kwa makusudi.

REHEMA: Kwa sababu ndilo linaloua. Jike wa fereti hupata joto, yaani hali ya kuwa tayari kupandwa, wakati siku za majira ya kuchipua zinapoanza kurefuka, na tofauti na wanyama wengi, joto lake haliishi lenyewe upesi. Mwili wake hungoja dume, na bila kupandwa anaweza kubaki hivyo kwa miezi. Muda wote huo homoni ya estrojeni inamiminika, nayo ikizidi huzuia uboho wa mifupa kutengeneza damu. Mmiliki huona sehemu ya siri imevimba, anasema itapita, kisha baada ya wiki kadhaa anaona ufizi umekuwa mweupe, na hapo mara nyingi tumechelewa.

BAKARI: Nimuondoe kizazi basi?

REHEMA: Zamani ningesema ndiyo bila kusita. Siku hizi madaktari wengi hupendelea kipandikizi cha deslorelini, kitu kidogo kinachowekwa chini ya ngozi na kuzima homoni hizo kwa muda mrefu, kwa sababu kuondolewa kizazi au kuhasiwa kwa upasuaji kumehusishwa na ugonjwa wa tezi za juu ya figo katika miaka ya baadaye. Iko pia sindano ya homoni inayochomwa msimu unapoanza, na wafugaji wa zamani hutumia dume aliyekatwa mirija, ambaye hupanda bila kumpa mimba. Kwako wewe, kaka, wako wawili, tena ni ndugu, kwa hiyo dume naye ashughulikiwe kabla ya majira hayo. Faida ya ziada ni kwamba harufu yake itapungua sana. Usijaribu kuiondoa kwa kumwogesha kila wiki, maana ngozi ikikauka hutoa mafuta mengi zaidi na harufu huongezeka.

BAKARI: Na chanjo?

REHEMA: Muhimu kuliko zote ni ya disitempa, ule ugonjwa wa mbwa, kwa sababu fereti akiupata karibu kila mara hufa. Daktari atakupangia tarehe za dozi kulingana na umri wao, na ukitaka kusafiri nao nje ya nchi utahitaji pia ya kichaa cha mbwa. Kitu ambacho hakina chanjo kwao ni mafua yako wewe. Mwaka 1933, watafiti Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw huku Uingereza walithibitisha kirusi cha homa ya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza fereti, na baadaye fereti mmoja mgonjwa akampigia chafya mtafiti mmoja, naye akaugua. Maabara bado zinawatumia kwa utafiti huo hadi leo.

BAKARI: Kwa hiyo nikiwa na mafua wiki hii, nani awalishe?

REHEMA: Mkeo, kama yeye ni mzima. Kama hakuna mwingine, nawa mikono, vaa barakoa, na usiwaweke ndani ya koti mpaka homa ikuache.